Vipele vikavu vya mikono na mapaja: si mpox, si upele, na havitaki pomade ya kuchubua

Masisi na Walikale – Kijana anapitisha kiganja upande wa nyuma wa mkono wake, kati ya bega na kiwiko, anasikia kama anashika msasa. Ni vipele vidogo vidogo, vikavu, vimepangana kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa manyoya. Haviumi. Mara nyingi haviwashi, ao vinawasha kidogo tu. Havina usaha. Lakini vinakaa miezi, vinakaa miaka, na kila mtu anayeviona ana neno la kusema: mmoja anasema ni upele, mwingine anasema ni uchafu, mwingine anasema ni damu mbaya, na tangu ugonjwa wa mpox uenee katika inchi, kuna wale wanaokimbia kabisa.

Vipele hivyo vina jina. Waganga wa ngozi wanaviita keratosi pilari. Ni hali ya ngozi inayoonekana kila fasi duniani, kwa watu weusi na weupe, matajiri na maskini. Wataalamu wanakadiria kwamba kati ya vijana 100 wanaobalehe, 50 mpaka 80 wanakuwa nayo kwa kiasi fulani, na kwa watu wakubwa ni karibu 40 kwa 100. Maana yake, katika darasa moja la masomo ya sekondari, ku Nyabiondo ao ku Mubi, nusu ya wanafunzi wanaweza kuwa nayo bila kujua inaitwa namna gani.

Haiambukizi na haiui. Lakini inaweza kuharibu mambo mengine: mtoto kukatazwa kucheza na wenzake, binti kuacha kuvaa nguo ya mikono mifupi, mzazi kumaliza pesa kwa dawa zisizofaa, na lile baya kuliko yote, kujipakaa pomade kali zinazobomoa ngozi nzima juu ya vipele ambavyo havikuwa na hatari yoyote.

Inatoka wapi?

Ngozi ya mtu inajitengeneza upya kila siku. Chembe za juu zinakufa na kuanguka, nyingine zinapanda kutoka chini. Kitu kinachofanya ngozi ya juu iwe ngumu kinaitwa keratini, na ni kitu kilekile kinachotengeneza kucha na nywele. Kwa mtu mwenye keratosi pilari, keratini inakuwa mingi kwenye mlango wa kitundu ambamo unywele unatokea. Inajikusanya pale na kuwa kama kifuniko kidogo kigumu, na kile kifuniko njo kipele. Wakati mwingine unywele unashindwa kutoka, unajikunja ndani yake.

Kwa hiyo si uchafu. Mtu anaweza kuoga mara tatu kwa siku na vipele vikabaki palepale, tena vinaweza kuzidi, kama tutakavyoona mbele. Si damu mbaya, wala si ulozi. Mara nyingi ni kitu cha jamaa: ukiangalia vizuri mikono ya mama, ya baba ao ya shangazi, utakuta mmoja wao alikuwa nayo alipokuwa kijana. Watu wenye ngozi kavu kwa asili, na wale wenye pumu ya ngozi, hupata zaidi.

Fasi inapopenda kukaa ni upande wa nyuma na wa nje wa mikono ya juu, mbele ya mapaja, matakoni, na kwa watoto hata kwenye mashavu. Haikai kwenye viganja wala kwenye nyayo, juu pale hakuna nywele. Hilo ni jambo la kukumbuka, juu linasaidia kutofautisha na magonjwa mengine.

Inaanza mara nyingi utotoni, inazidi wakati wa kubalehe, kisha inapungua polepole. Kwa watu wengi inakuwa ndogo sana wakifika miaka 30, hata kama hawakufanya kitu. Kwa wengine inabaki kidogo maisha yote.

Masisi ya baridi, Walikale ya joto

Maeneo haya mawili ni majirani lakini hali ya hewa haifanani. Masisi ni milima na malisho ya ng'ombe, asubuhi ukungu, usiku baridi. Walikale sehemu kubwa ni pori la chini, joto na unyevu, mvua karibu kila mwezi.

Keratosi pilari inachukia hewa kavu na baridi. Ngozi ikikauka, vile vifuniko vya keratini vinakuwa vigumu zaidi na vinasimama. Njo maana mtu wa milimani anaweza kuona vipele vinazidi wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa 6 mpaka wa 8, wakati upepo ni mkavu na vumbi la barabara linapanda. Akishuka kukaa Walikale miezi michache, vinaweza kupungua vyenyewe, na huenda atasema ni maji ya kule yaliyomponyesha. Kumbe ni unyevu wa hewa.

Kuna vitu vingine vinavyokausha ngozi: kukaa karibu sana na moto ao na mbabula ili kupata joto, kuoga maji ya moto sana asubuhi ya baridi, kutumia sabuni ya kufulia kuogea, na kuvaa nguo ambayo sabuni haikutoka vizuri. Kwa wale wanaofanya kazi ya kuchimba, vumbi la udongo na nguo ngumu zinazosugua ngozi siku nzima vinaongeza mengine.

Namna ya kuitofautisha na magonjwa ya kweli

Hapa njo penye maana kubwa. Katika eneo ambalo watu wengi wamekimbia vita na kubanana makambini ao katika nyumba za jamaa, magonjwa ya ngozi yanayoambukiza yapo, na hayapaswi kuchukuliwa kama mchezo. Mzazi asiseme «ni vile vipele vikavu tu» bila kuangalia.

*Mpox.* Congo inaujua ugonjwa huu tangu zamani: mgonjwa wa kwanza kati ya watu aligunduliwa hapa inchini mwaka 1970, mtoto mdogo wa Basankusu. Tarehe 14 mwezi wa 8 mwaka 2024, Shirika la Afya Ulimwenguni lilitangaza kwamba ni hali ya hatari kwa dunia. Mpox inakuja na homa, kuumwa kichwa na mgongo, na tezi kuvimba shingoni ao kwenye kinena. Vipele vyake vinabadilika: vinaanza kama madoa, vinavimba, vinajaa maji, kisha usaha, kisha vinafanya kigaga na kuanguka. Mambo hayo yote yanapita katika wiki 2 mpaka 4. Tena vinatoka hata kwenye viganja, nyayo, mdomoni na sehemu za siri. Keratosi pilari haina homa, haina maji ndani, haibadiliki, na mtu alikuwa nayo hata mwaka jana.

*Upele.* Huu unaletwa na mdudu mdogo sana anayechimba ndani ya ngozi. Unawasha, sana sana usiku. Unakaa kati ya vidole, kwenye mikunjo ya mikono, kiunoni, karibu na kitovu na sehemu za siri. Na kwa kawaida hauko kwa mtu mmoja: watu wa nyumba moja wanajikuna pamoja. Upele una dawa ya kupakaa ao ya kumeza, lakini nyumba nzima inapaswa kutibiwa siku moja, na nguo na mablanketi kufuliwa ao kufungwa katika mfuko siku 3 ao zaidi. Keratosi pilari haisikii dawa ya upele hata kidogo, na kupakaa dawa hiyo mara kwa mara kunachoma na kukausha ngozi bure.

*Surua.* Homa kali, kikohozi, mafua, macho mekundu, kisha vipele vinaanzia usoni na kushuka mwilini. Mtoto ni mgonjwa, anaonekana mgonjwa. Huyo ni wa kupelekwa kituo cha afya siku ileile.

*Ugonjwa wa upofu wa mtoni.* Unaletwa na inzi wadogo weusi wanaozaa kwenye mito yenye maji ya mbio. Mtu anawashwa vikali mwili mzima, anapata vinundu vigumu chini ya ngozi karibu na mifupa ya kiuno ao mbavu, na kwa wakati ngozi ya miguu inakuwa na madoa meupe. Mwisho unafika kwenye macho. Dawa ya ivermectini inatolewa bure katika kampeni, na mtu anayeishi karibu na mito ya namna hiyo asikose kuimeza.

*Ukoma.* Doa kwenye ngozi ambalo halisikii kitu, hata ukiligusa kwa pamba ao kwa ncha ya kalamu. Dawa yake ni ya bure, na mtu akiianza mapema hapati ulemavu.

Kwa ufupi, maswali matano yanatosha: Je, kuna homa? Je, kuna maji ao usaha? Je, kunawasha vikali usiku? Je, wengine nyumbani wamepata wakati uleule? Je, vimeanza wiki hii? Jibu likiwa ndiyo hata kwa moja, kwenda kituo cha afya kwanza. Jibu likiwa hapana kwa yote, na vipele viko nyuma ya mikono ao mapajani tangu zamani, mara nyingi ni keratosi pilari.

Wakati ngozi inalilia chakula

Kuna hali nyingine inayofanana sana na keratosi pilari, na inagusa Masisi na Walikale kuliko fasi nyingi, juu inakuja na njaa. Waganga wanaiita frinoderma, maana yake «ngozi ya chura». Hapa vipele ni vikubwa zaidi, vigumu kama miiba, na vinakaa sana sana kwenye viwiko, magoti, mapaja na matako. Sababu yake ni kukosa vitamini, zaidi sana vitamini A, lakini pia vitamini nyingine na mafuta katika chakula.

Habari hii ilijulikana mapema katika eneo la Maziwa Makuu. Mwaka 1933 daktari Loewenthal, aliyekuwa akifanya kazi Uganda, aliandika juu ya wafungwa waliokuwa na vipele vya namna hiyo pamoja na macho yasiyoona vizuri jioni. Walipopewa mafuta ya ini la samaki, ambayo yana vitamini A nyingi, walipata nafuu.

Kwa hiyo kuna alama moja ambayo mzazi asiikose: mtoto mwenye vipele vikavu ambaye jua likizama anajigonga kwenye vitu, hapati mlango, ao anaogopa kutembea. Mtoto huyo hakosi adabu wala hana uvivu. Macho yake yanakosa vitamini A, na akiachwa anaweza kupofuka. Vilevile mtoto aliyekonda sana, aliyevimba miguu, ao ambaye nywele zake zimekuwa nyepesi na za rangi ya udongo. Hao wapelekwe kituo cha afya bila kungoja.

Watoto wa kuanzia miezi 6 mpaka chini ya miaka 5 wanapaswa kupewa vitamini A mara 2 kwa mwaka. Kidonge cha bluu ni cha wenye miezi 6 mpaka 11, chenye unite 100.000, na chekundu ni cha wenye mwaka 1 mpaka kabla ya miaka 5, chenye unite 200.000. Wahamasishaji wa afya wanapopita nyumba kwa nyumba, watoto wasifichwe. Lakini vidonge hivyo vikali si vya mama mwenye mimba, juu vitamini A kwa kipimo kikubwa inaweza kuumiza mtoto tumboni.

Chakula cha kuzuia hali hiyo kinapatikana. Walikale ina ngazi, na mafuta ya mawese yenye rangi nyekundu ni moja ya vyakula vyenye nguvu zaidi ya vitamini A. Wekundu ule njo vitamini yenyewe. Mtu akiyachoma kwenye sufuria mpaka yanakuwa meupe, ameitupa. Sombe, lengalenga, majani ya maboga na ya viazi vitamu, karoti, papai lililoiva, maboga na viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya machungwa, vyote vinasaidia. Masisi ina maziwa, na mayai yapo. Majani ya mboga yapikwe na mafuta kidogo, juu bila mafuta mwili hauchukui vitamini A vizuri.

Lakini tusichanganye: keratosi pilari ya kawaida haitoki kwenye njaa. Mtoto mwenye afya nzuri, anayekula na kuona vizuri usiku, hatapona vipele kwa kulishwa mawese kwa nguvu. Yeye anahitaji matunzo ya ngozi.

Matunzo ya kila siku

Hakuna dawa inayoondoa keratosi pilari moja kwa moja. Kuna mazoea yanayoilainisha, na vitu vinavyohitajika ni vichache. Kazi yote ni kufanya ngozi isikauke, ili vile vifuniko vilainike na kuanguka polepole.

Ya kwanza ni namna ya kuoga. Mara moja kwa siku inatosha, dakika 5 mpaka 10, kwa maji ya uvuguvugu. Maji ya moto sana ni mazuri wakati wa baridi ya Masisi, lakini yanaondoa mafuta ya asili ya ngozi, na kisha ngozi inabaki kavu kuliko mbele.

Ya pili ni sabuni. Sabuni ya kufulia, iliyo na soda kali, isitumiwe kwa mwili. Sabuni za dawa za kuua vijidudu nazo zinakausha, na hakuna kijidudu cha kuua hapa. Sabuni laini ya kuogea, hata ile ya watoto, inafaa. Tena sabuni haihitajiki mwili mzima kila siku: iende kwapani, sehemu za siri, miguuni na penye uchafu wa kweli. Mikono na mapaja yenye vipele maji yanatosha siku nyingi.

Ya tatu ni kuacha kusugua. Hapa njo watu wengi wanakosea. Wanaona ngozi ina vipele kama msasa, wanafikiri wakisugua kwa jiwe, kwa neti ngumu ya nailoni ao kwa mchanga vitatoka. Vinatoka kweli siku ile, ngozi inakuwa laini. Kisha inajaribu kujilinda, inatengeneza keratini zaidi, na vipele vinarudi na wekundu na vidonda. Kitambaa laini, mkono mwepesi, mara 2 kwa wiki, ni mwisho. Na kutumbua kwa kucha, hapana. Ngozi nyeusi ikiumizwa inaacha doa jeusi, na doa hilo linaweza kukaa miezi mingi, wakati kipele chenyewe kilikuwa hakionekani kwa mbali.

Ya nne njo kubwa kuliko zote: kupakaa mafuta wakati ngozi ingali na maji. Ukimaliza kuoga, gusagusa mwili na kitambaa, usifute mpaka ukauke kabisa, kisha pakaa ndani ya dakika 3 hivi. Mafuta hayaongezi maji katika ngozi, yanafunga yale yaliyomo yasitoroke. Ukipakaa juu ya ngozi iliyokwisha kukauka, umefunga mlango wakati mgeni amekwisha kuondoka.

Vaselini ya kawaida isiyo na harufu inafanya kazi hiyo vizuri, na kopo dogo linadumu. Gliserini nayo ni nzuri, lakini isipakwe yenyewe tupu kwenye hewa kavu. Changanya kipimo 1 cha gliserini na vipimo 2 vya maji yaliyochemshwa na kupoa, tengeneza ya siku hiyo tu, pakaa, na ukiwa na vaselini weka kidogo juu yake. Mafuta ya kokwa za ngazi, ambayo wamama wengi wanapakaa watoto, na mafuta ya ng'ombe ya wafugaji yanaweza kusaidia kama ni safi na hayajaoza. Mtu akiona yanamletea chunusi ao yanamwasha, ayaache.

Kupakaa mara 2 kwa siku ni bora kuliko mara 1, na usiku ni wakati mzuri, juu ngozi inabaki nayo saa nyingi.

Ya tano ni nguo. Nguo laini isiyobana, sana sana ya pamba, na kuifua kisha kuisuuza mara 2 ili sabuni itoke. Nguo za mitumba zifuliwe mbele ya kuvaliwa mara ya kwanza.

Nafuu haiji kesho. Inaomba wiki 4 mpaka 8 za kufanya hivyo kila siku ili kuona ngozi imelainika. Na mtu akiacha, vinarudi. Haina maana kwamba dawa imeshindwa. Ni kama kupalilia shamba la maharagi: ukiacha, majani yanaota tena.

Kama farmasi inayo

Ku Goma, na wakati mwingine katika vituo vikubwa, mtu anaweza kupata krema zenye yurea, kwa kipimo cha 10 mpaka 20 kwa 100. Yurea inalainisha keratini na kushika maji katika ngozi, na kwa keratosi pilari ni moja ya zile zinazosaidia zaidi. Kuna pia krema zenye asidi ya maziwa mpaka 12 kwa 100, ao asidi salisiliki kwa kipimo kidogo. Zote zinaanzwa kwa kujaribu kwenye fasi ndogo ya mkono siku 2 ao 3. Zikichoma kidogo ni kawaida, zikichoma sana ao zikileta wekundu, ziachwe. Zisipakwe penye kidonda. Asidi salisiliki isipakwe kwa watoto wadogo ao mwili mzima, juu inaingia katika damu.

Krema zenye retinoidi, kama adapaleni ao tretinoini, zipo, lakini ni za kuandikwa na mganga. Mwanamke mwenye mimba ao anayetafuta mimba asizitumie.

Mtu asiyezipata asihuzunike. Maji ya uvuguvugu, sabuni laini na vaselini peke yake, kwa uvumilivu, vinafanya sehemu kubwa ya kazi.

Pomade za kuchubua: fasi ya hatari

Kijana mwenye vipele na madoa meusi anatafuta kitu cha mbio. Sokoni anakuta chupa na tubu zenye picha ya ngozi inayong'aa, na muuzaji anaahidi siku 7. Ndani ya nyingi za dawa hizo kuna vitu vitatu vya kuogopa.

Kitu cha kwanza ni dawa kali za jamii ya kortizoni, kama klobetasoli na betametasoni. Siku za kwanza ngozi inakuwa laini na yenye kung'aa kweli, na hapo njo mtego ulipo. Kisha inakuwa nyembamba kama karatasi, inapasuka mistari, inatoa chunusi na nywele, na kidonda kidogo kinakawia kupona. Zikitumiwa mwili mzima kwa muda mrefu zinaingia katika damu na kuleta sukari, shinikizo la damu na udhaifu. Mama aliyejipakaa miaka mingi akifanyiwa operesheni ya kuzaa, mshono wake unaweza kusumbua kufunga.

Kingine ni hidrokinoni, ambayo ikitumiwa muda mrefu inaweza kugeuza rangi ya mashavu na vidole kuwa nyeusi ya bluu, alama isiyotoka kwa urahisi. Inchi jirani za Rwanda na Tanzania zimekataza vipodozi vyenye kitu hicho.

Cha mwisho ni zebaki, inayoharibu figo na mishipa ya fahamu, na kumfikia mtoto aliye tumboni. Mapatano ya kimataifa ya Minamata, yaliyokubaliwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, yanapinga vipodozi vyenye zebaki.

Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo kinachoondoa keratosi pilari. Vinabadilisha ngozi nzima juu ya kipele, na kipele kinabaki. Aliyekwisha kuzoea pomade za kortizoni asiache ghafla bila kumuona mganga, juu ngozi inaweza kuwaka moto na mwili kudhoofika. Apunguze kwa kuongozwa.

Kwa wazazi, walimu na majirani

Mtoto mwenye keratosi pilari anaweza kulala kitanda kimoja na ndugu zake, kuoga kwa beseni moja, kucheza mpira, kukaa kwenye banki moja masomoni. Mwalimu aliye na mashaka asimfukuze mtoto mbele ya wenzake. Amuite mzazi pembeni, na mzazi amwonyeshe muuguzi. Kuangaliwa mara moja na mtu aliyesoma kunamaliza maneno ya mtaa mzima.

Na huyo muuguzi, akiulizwa, atafurahi kuambiwa mambo haya: vipele vimeanza lini, viko wapi, kama vinawasha usiku, nani mwingine nyumbani anavyo, mtoto anakula nini, anaona namna gani jioni, na ni vitu gani amekwisha kupakwa. Kama kuna chupa ao tubu, iletwe. Maandiko yaliyo juu yake yanasema mengi kuliko maneno.

Vipele vikivimba na kuuma, vikitoa usaha, vikienea mbio, ao mtu akipata homa, si hali ileile tena, na matunzo ya nyumbani yasimamishwe mpaka mganga aone. Kwa wengine wote, kiangazi kinapokaribia, kopo la vaselini linunuliwe mbele ya upepo kuanza, na lile jiwe la kusugulia litolewe bafuni.